Mng'ao uliopausha nyuso: kisa cha video ya kwaya Dodoma

Mwalimu wa kwaya aliitazama video mpaka ubeti wa pili, akaomba isimamishwe. "Mwanangu, kazi ni nzuri, Mungu akubariki. Lakini mbona huyu binti amepauka hivi, utadhani hajapaka mafuta?" Mhariri alijibu, "Sawa mama, nitaliangalia hilo," akarudi studio. Alipunguza mwanga wa picha, majoho yakawa ya kijivu. Akaongeza rangi, nyuso zikawa za machungwa. Mwishowe aliniomba nifungue mradi wake tuutazame pamoja, na kwa ruhusa yake naeleza hapa tulichokikuta.

Nakieleza kwa urefu kwa sababu kinajirudia. Katika video za kwaya, za harusi na za sendofu zinazotengenezwa hapa kwetu, mng'ao laini huwekwa mwisho kabisa wa kazi, juu ya picha nzima, ili "ipendeze". Anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi, yaani karibu kila mtu aliyemo kwenye video hizo.

Hali ilikuwa hivi. Kwaya ilipiga shoti za nje wakati wa kiangazi, jioni, kwenye miamba iliyo pembezoni mwa mji. Anayeijua Dodoma anaujua mwanga wa saa hiyo. Mji uko kwenye uwanda wa kati, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua zikishaondoka mwezi wa nne au wa tano hazionekani tena mpaka karibu na Desemba, na katikati ya hapo ni upepo na vumbi. Jua likishuka, vumbi hilo huligeuza anga la magharibi kuwa la dhahabu. Siku hiyo mwimbaji kiongozi, yule binti, alikuwa msibani. Shoti zake zikapigwa baadaye ndani ya ukumbi, mbele ya kitambaa cha kijani, kwa taa mbili za LED zilizowekwa mbele yake. Kazi ya mhariri ikawa kumtoa kwenye kijani na kumsimamisha mlimani, jua likiwa nyuma yake, upande wa kushoto wa picha.

Alitumia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, kwenye ukurasa wake wa Fusion wa kuunganisha picha. Fusion ilikuwa programu ya kujitegemea ya eyeon Software ya Kanada hadi Blackmagic Design ya Australia ilipoinunua mwaka 2014, na tangu toleo la 15 la mwaka 2018 imo ndani ya Resolve, hata katika toleo la bure. Ndiyo maana leo studio ya chumba kimoja ina zana ambazo zamani zilikuwa za wenye fedha nyingi. Mtiririko wa nodi zake, yaani hatua ambazo picha hupitia moja baada ya nyingine, ulikuwa mfupi: picha ya mlima, picha ya binti, Delta Keyer ya kuondoa kijani, Merge ya kuwaunganisha, kisha Soft Glow ya kutia mng'ao, halafu picha inatoka.

Soft Glow yenyewe haina uchawi. Huchukua pikseli (nukta za picha) zenye mwanga kuliko kiwango ulichoweka, huzitia ukungu mpaka zisambae, kisha huurudisha ukungu huo juu ya picha ya asili. Palipoandikwa Threshold ni kizingiti, yaani mwanga kiasi gani unahitajika ili pikseli ing'ae. Gain ni nguvu ya mng'ao, na Glow Size ni umbali unaosambaa. Kijana alikuwa ameweka kizingiti chini sana, 0.2, na upana mkubwa. Kwa maneno mengine, aliruhusu karibu kila kitu king'ae isipokuwa vivuli.

Wazo la mng'ao lilitoka kwenye kasoro za vifaa. Mwanga mkali ukiingia kwenye lenzi, sehemu yake hugonga vioo vya ndani na kutawanyika. Kwenye filamu za zamani mwanga ulipenya tabaka la kemikali, ukagonga mgongo wa filamu na kurudi, ukaacha duara jekundu kuzunguka taa. Wapiga picha waliipenda hali hiyo kiasi cha kuitafuta kwa makusudi, wengine wakivisha lenzi soksi nyembamba ya kike. Miaka ya 1980 Mkanada Michael Orton aliunganisha slaidi mbili za kitu kimoja zilizozidishiwa mwanga, moja kali na nyingine yenye ukungu, na njia yake ikapendwa sana kwa picha za misitu na maua. Kwenye majani hakuna tatizo, jani likipoteza weusi wake kidogo haliulizi. Uso wa mtu ni jambo jingine.

Tuhesabu. Kwenye kipimo cha 0 hadi 1, shavu la binti lilisoma 0.25 hivi, na joho lake jeupe la satini 0.90. Chukulia kwamba ukungu unaofika sehemu zote mbili ni 0.15. Namna ya kuchanganya iitwayo skrini, ambayo hutumika sana kwa kazi hii, huenda hivi: kila namba inatolewa kwenye 1, mabaki yanazidishwa, jibu linatolewa tena kwenye 1. Kwa shavu, 0.75 mara 0.85 ni 0.64, kwa hiyo shavu linapanda hadi 0.36. Kwa joho, 0.10 mara 0.85 ni 0.085, na joho linakuwa 0.915. Shavu limeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, karibu nusu. Joho halijaongezeka hata kwa asilimia 2. Ni maziwa yaleyale, kijiko kilekile, kimoja kimetiwa kwenye chai ya rangi na kingine kwenye uji mweupe. Ukichanganya kwa kujumlisha tu, shavu linafika 0.40 na joho linagonga dari, kwa hiyo nafuu haipo huko pia.

Hiyo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni rangi, na ndiyo iliyomshtua mwalimu. Ngozi ya binti ilikuwa na nyekundu 0.36, kijani 0.24 na bluu 0.17, nyekundu ilizidi bluu zaidi ya mara mbili, na hapo ndipo lilipo joto la ngozi nyeusi. Mng'ao uliotoka kwenye joho jeupe ni mweupe, kwa hiyo unazipandisha rangi zote tatu kwa kiasi kinachokaribiana. Baada ya skrini ya 0.15 nyekundu inakuwa 0.46, kijani 0.35, bluu 0.29. Sasa nyekundu ni kama mara moja na nusu ya bluu. Mizani ya rangi imebadilika, na jicho la mtu aliyekulia kati ya nyuso hizi linaona palepale kwamba kuna jivu juu ya ngozi. Ndiyo sababu kupunguza mwanga hakukusaidia: picha iliyopaushwa ikishushwa mwanga inakuwa picha iliyopauka na yenye giza. Kuongeza rangi nako kulivuta kila kitu, joho, anga na midomo, kwa pamoja.

Nataka nikae kidogo hapa kwenye ngozi, kwa sababu nadhani ndilo jambo ambalo mafunzo mengi tunayoyafuata hayalisemi. Kwenye ngozi nyeupe, umbo la uso husomeka zaidi kwa vivuli: chini ya shavu, pembeni mwa pua. Kwenye ngozi nyeusi, umbo husomeka sana kwa mimeto: mstari mwembamba wa mwanga kwenye paji la uso, nundu ya shavu, mgongo wa pua, ukingo wa mdomo wa juu. Mimeto hiyo ni midogo na ina mwanga mkali kuliko ngozi inayoizunguka. Soft Glow yenye kizingiti cha 0.2 huiona yote, huichukua, huisambaza usoni, na tofauti kati ya mmeto na ngozi hupungua. Uso unakuwa bapa. Wateja wengine huomba hivyo wakisema wanataka ngozi laini, na wahariri huwapa. Binafsi napinga. Zana za rangi zilipimwa kwa ngozi nyingine kwa muda mrefu. Maabara za picha zilitumia kwa miongo mingi kadi za Kodak zenye wanawake wazungu kama kipimo cha rangi sahihi. Leo kipimo kiko mikononi mwetu, kwenye kompyuta zetu wenyewe, na hakuna anayetulazimisha kumfanya binti wa Kigogo aonekane ametoka kwenye unga.

Tukauliza swali la msingi: katika picha hii, nini hasa kilipaswa kung'aa? Jua. Hakuna kingine. Hapo ndipo tulipoona jinsi faili lilivyokuwa likiidanganya programu. Shoti ya mlima ilirekodiwa kwa biti 8, yaani ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, na jua limegonga dari la 1.0. Anga linalolizunguka nalo limegonga dari. Joho, lililopigwa ukumbini kwa taa za LED, liko 0.90. Mtu aliyesimama mlimani saa ile anajua jua lina mwanga mara maelfu kuliko kitambaa, lakini kwenye faili tofauti yao ni sehemu moja tu ya kumi. Kizingiti hakina akili ya kutambua kipi ni jua na kipi ni satini. Na kwa kuwa joho lilijaza karibu nusu ya fremu huku jua likiwa na ukubwa wa sarafu, mng'ao mwingi uliomfika binti usoni ulitoka kwenye nguo yake mwenyewe.

Kupandisha kizingiti mpaka 0.95 kulisaidia, lakini si kwa uhakika. Binti alipogeuka, mkunjo mmoja wa satini ulimulikwa na taa, ukavuka kizingiti, ukawaka kwa fremu chache na kuzima. Kitu kinachowaka na kuzima kifuani mwa mwimbaji kinamvuta mtazamaji kuliko sauti yake.

Dawa ilikuwa kwenye kiingilio cha maski (umbo linaloamua ni sehemu gani ya picha iguswe) ambacho wengi hawakigusi. Nodi ya Soft Glow hupokea maski za aina mbili. Ya kawaida hukata matokeo: mng'ao ukifika mpakani unaishia hapo, na ukingo unaonekana. Ya pili, Glow Mask, huchuja chanzo: pikseli zilizo ndani yake tu ndizo zinazotoa mng'ao, lakini mng'ao wenyewe uko huru kuvuka mpaka na kumwagikia popote. Hivyo ndivyo lenzi inavyofanya. Tulichora duara laini kwenye jua na utepe mwembamba wa anga la chini, tukaliunganisha na Glow Mask, na Soft Glow ikabaki palepale baada ya Merge.

Kwa nini isiwekwe kwenye picha ya mlima tu, kabla ya kumuunganisha binti? Tulijaribu hivyo ili kijana aone tofauti. Nyuso na majoho vinakuwa salama kabisa, lakini mng'ao wote unabaki nyuma ya binti, haumgusi hata begani, naye anaonekana amebandikwa. Mng'ao lazima upite juu ya ukingo wa nywele na bega ili jicho likubali kwamba wote wawili, mtu na jua, walipita kwenye lenzi moja. Ila kuna sharti: binti anapoinamisha kichwa na kulifunika jua, jua lisiendelee kung'aa kupitia kichwani. Tulichukua alfa ya binti (picha nyeusi na nyeupe inayoonyesha alipo na asipokuwapo) kutoka Delta Keyer, tukaigeuza, tukaizidisha na maski ya jua. Sasa kichwa kikilifunika jua nusu, mng'ao unapungua nusu, bila kuchora chochote kwa mkono.

Hapo ndipo tatizo la kweli lilipojitokeza. Majoho yalipoacha kung'aa, ukingo wa kijani ukaonekana kuzunguka mikono na mabega. Satini jeupe ni kitambaa kibaya mno mbele ya kitambaa cha kijani. Linapokea kijani kama kioo na kukirudisha kwenye kamera. Kijana alikuwa ameuona ukingo ule tangu mwanzo, akauona unatoweka alipoweka mng'ao, akaridhika. Soft Glow haikuwekwa kwa ajili ya uzuri peke yake, ilikuwa inafunika kazi ya kukata ambayo haijaisha. Simlaumu, kwa kuwa mng'ao juu ya picha nzima hulainisha kila mpaka kwa mkupuo mmoja, na kwa mtu anayekimbizana na tarehe ya uzinduzi wa albamu huo ni msaada mkubwa. Lakini gharama yake ilikuwa imehamia usoni.

Tukarudi kwenye Delta Keyer. Kwenye kichupo cha Fringe tukaondoa kijani kilichorudishwa na kitambaa, kwa kiasi cha kulifanya joho liwe jeupe lakini lisielekee zambarau. Kwenye kichupo cha Matte tukabana ukingo kidogo. Nywele tulizishughulikia peke yake, kwa sababu ubanaji unaofaa kwa satini hula nywele fupi zilizosimama. Kazi hii ilichukua muda mrefu kuliko mambo mengine yote, na sioni njia ya mkato.

Kisha mwelekeo wa mwanga. Ukumbini taa zilitoka mbele, mlimani jua liko nyuma kushoto. Hakuna mng'ao unaoweza kutibu hilo. Tulitengeneza utepe mwembamba wa nuru kwenye bega na shavu la kushoto: alfa ileile ikasogezwa kidogo kulia na kutolewa kwenye alfa ya asili, kilichobaki kikatiwa ukungu kidogo na kupewa rangi ya dhahabu iliyopimwa kutoka kwenye anga la shoti yenyewe. Mwanga wa mbele ya uso tuliuacha. Shoti za wenzake mlimani zilipigwa kwa rifleta, ubao wa kurudisha mwanga usoni, kwa hiyo uso wenye nuru upande wa mbele haukuwa uongo ndani ya video hii.

Rangi ya mng'ao nayo ilihitaji uamuzi. Jua lililogonga dari ni jeupe kwenye faili, na mng'ao wake ungekuwa mweupe vilevile. Kabla ya Soft Glow tulilitia eneo la jua rangi ya dhahabu. Matokeo yake kwa ngozi ni kinyume cha yale ya mwanzo: mng'ao wa dhahabu ukifika shavuni huongeza nyekundu kuliko bluu, kwa hiyo hata pale unapopandisha mwanga, haupaushi. Badala ya nodi moja yenye upana mkubwa tulitumia tatu, zote zenye Glow Mask ileile: ndogo yenye nguvu, ya kati yenye nguvu kiasi, pana yenye nguvu kidogo sana. Mwanga wa kweli hufifia hivyo, haraka karibu na chanzo, polepole mbali nacho.

Mng'ao mpana ulileta shida nyingine kwenye anga. Ukiuangalia ndani ya Fusion, inayofanya hesabu kwa biti 32, mteremko wa mwanga ni laini. Ukishatolewa kuwa faili lililobanwa la H.264 la biti 8 na kupakiwa mtandaoni, ambako hubanwa tena, mteremko ule huvunjika kuwa ngazi zinazoonekana, na watu wengi wataiona video hii kwenye simu, imetumwa kwa WhatsApp na kubanwa mara nyingine. Tuliongeza chembechembe kidogo kwa Film Grain baada ya kila kitu. Chembe zinazikoroga ngazi zile kabla jicho halijazishika, na pia zinamfunga binti na mlima pamoja, kwa kuwa shoti ya ukumbini ilikuwa safi kuliko ya nje.

Jambo la kupima sikuliacha kwa macho peke yake. Skopu ya mawimbi, yaani grafu ya mwanga wa picha, iliwekwa wazi muda wote, na kabla ya kila badiliko tulisoma thamani ya shavu na ya paji la uso. Lengo letu lilikuwa shavu la kulia, lililo mbali na jua, lisipande zaidi ya sehemu ndogo sana kati ya Soft Glow ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, na uwiano wa nyekundu na bluu usishuke. Shavu la kushoto liliruhusiwa kupanda. Macho huzoea haraka. Baada ya dakika chache za kutazama picha iliyopaushwa, unaiona ya kawaida. Namba hazizoei.

Mwalimu wa kwaya aliiona tena, akafurahi kuuona uso wa binti yake wa kwaya kama anavyoujua. Kisha akaleta ombi ambalo hatukulitarajia. "Ule mwanga wa kwanza mliuondoa wote? Mimi sikusema muuondoe. Ubeti wa mwisho tunaimba habari za mbinguni, pale nataka nuru ijae."

Ombi lile lilikuwa la haki, na lilitulazimu kufikiri upya. Kwenye ubeti huo mng'ao hauigi lenzi, unasema neno la wimbo. Hatukushusha kizingiti wala kuyarudisha majoho kuwa chanzo. Tuliacha jua liwe chanzo kilekile, tukaweka alama za muda kwenye Gain na Glow Size ya nodi pana, ili nguvu na upana vipande polepole kuanzia mstari wa kwanza wa ubeti na kufika kilele kwenye kiitikio cha mwisho, wakati sauti zote nne zinaingia. Uso ulipewa maski laini inayomfuata binti, na ndani ya maski hiyo mng'ao ulipunguzwa kwa nusu. Nusu, si wote, kwa sababu uso usioguswa kabisa katikati ya nuru iliyojaa ungeonekana umekatwa na kubandikwa. Shavu lilipanda kwenye skopu, lakini lilipanda likiwa na nyekundu yake, na mimeto ya paji la uso ilibaki mahali pake mpaka fremu ya mwisho.